Kutembea Bonde la Isiukhu, Msitu wa Kakamega: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Moja

Mara ya kwanza nilipoingia Msitu wa Kakamega kutembea, nilianza saa nne asubuhi. Nilikuwa nimelala Kisumu, nikanywa chai bila haraka, nikasubiri matatu ijae. Saa nane mchana ndipo nilipofika kando ya mto Isiukhu. Ngurumo zilikuwa zimeanza upande wa Nandi, na mbele yangu palikuwa na gogo lililolazwa kuvuka kijito. Gogo lilikuwa limeshalowa. Niliteleza, nikaangukia mkono, na njia yote ya kurudi niliitembea nimekishika kifundo cha mkono, tope likiingia viatuni na mvua ikinipiga mgongoni. Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi, na kila safari naipanga kwa kanuni moja: mto niufikie asubuhi, mvua inikute nimeshatoka.

Kanuni hiyo inatokana na hali ya hewa ya huku. Msitu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha baada ya adhuhuri. Asubuhi jua huwaka, mvuke wa msitu na unyevu unaotoka Ziwa Victoria hupanda, hukutana na hewa ya juu kwenye ukingo wa Nandi, na mchana mawingu huwa yamekomaa. Kwa hiyo siku nyingi, hata katika miezi ya masika, una saa saba au nane hivi za ukavu kuanzia alfajiri. Ukizitumia vizuri, utaona mengi na utarudi mzima. Yote nitakayoeleza hapa chini yamepangwa ndani ya saa hizo.

Upande gani uingie

Kakamega ndicho kipande kikubwa kilichobaki nchini Kenya cha msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo na Afrika Magharibi. Ndiyo maana huku utakutana na ndege, vipepeo na nyoka ambao hutawaona Aberdare wala Mlima Kenya. Uko kwenye mita 1,500 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi kuna baridi kidogo na mchana joto halichomi. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, pamoja na kipande kidogo cha Kisere, ikafanywa hifadhi ya taifa, nayo iko chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Sehemu ya kusini, ambayo kitovu chake ni Isecheno, iko chini ya idara ya misitu, KFS.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa anayetembea. Kaskazini, lango likiwa Buyangu, hakuna ruhusa ya kukata kuni wala kulisha ng'ombe. Msitu unarudi ulivyokuwa, kumetulia, na ndiko mto Isiukhu unakopita. Kusini utakutana na akina mama waliobeba kuni, watoto wakitoka shule, ng'ombe njiani. Miti mikubwa ya kale na ndege wengi wanaotafutwa na wapenda ndege wako huko, na mito ya huko hutiririkia mto Yala. Kama unakuja mara ya kwanza na unataka bonde na mto, anza Buyangu. Mwongozo huu ni wa Buyangu. Isecheno nitaigusa baadaye.

Kisere ni kisa kingine. Ni kipande kidogo kaskazini zaidi, na huko ndiko anakoishi kima yule mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa. Wenyeji humwita karasinga, kwa ajili ya ndevu zake. Usijaribu kuunganisha Kisere na Isiukhu asubuhi moja. Kisere kipe siku yake.

Mwezi wa kwenda

Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu zaidi. Vijia ni vigumu chini ya mguu na mto umepungua, mawe yake yako wazi. Aprili na Mei mvua huwa kubwa, na kilele cha pili huja karibu na Agosti na Septemba. Watu wengi hukuambia epuka masika kabisa. Mimi sikubaliani nao sana. Juni na Julai, mvua kubwa ikishapita, msitu huwa umeshiba, uyoga unaota kwenye magogo, na maporomoko yana maji ya kutosha kusikika ukiwa bado mbali. Aprili na Mei ndizo ninazoziacha, kwa sababu ya barabara za murram na vijito vinavyofurika, na ukiwa na watoto hasa zifute kwenye kalenda.

Kufika

Kutoka Kisumu hadi mjini Kakamega ni kama kilomita 50, matatu hazikosi kuanzia alfajiri. Kutoka Nakuru, njia nyingi hupitia Kisumu au Eldoret, na kwa vyovyote hutafika kwa wakati wa kutembea siku hiyo hiyo, kwa hiyo panga kulala. Mjini Kakamega panda matatu zinazoelekea kaskazini, za Webuye au Kitale, na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka njia ya kuingia Buyangu. Ni kama kilomita 18 kutoka mjini. Rudia kumkumbusha mkishatoka mjini, maana makondakta husahau na utajikuta umepitishwa. Kutoka barabarani hadi lango ni kilomita 2 hivi za kutembea kati ya mashamba, au boda boda ukitaka kuokoa miguu.

Ushauri wangu wa dhati: lala jirani. Ndani ya hifadhi, Buyangu, kuna bandas za kawaida na mahali pa kupiga hema. Mjini Kakamega hoteli ziko za kila kimo cha mfuko. Ukilala Kisumu itabidi uondoke saa kumi alfajiri, na hata hapo utakuwa unakimbizana na jua. Ukilala Buyangu, saa kumi na mbili uko kwenye kijia tayari umeshakunywa chai.

Malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa noti. Fanya hivyo usiku uliotangulia ukiwa na mtandao mzuri, uhifadhi risiti kama picha kwenye simu. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo vitazame siku hiyo hiyo unayolipa. Beba kitambulisho halisi; bila hicho huwezi kuthibitisha kwamba wewe ni mwananchi, na tofauti ya ada ni kubwa.

Mwongozaji

Chukua mwongozaji. Najua wako wanaosema vijia viko wazi na simu ina ramani. Vijia viko wazi, ndiyo, lakini vinapandana. Njia panda moja hufanana na nyingine, na chini ya miti mikubwa simu hupoteza satelaiti, alama yako kwenye ramani ikaruka huku na huku. Tena kuna jambo kubwa kuliko kupotea: bila mwongozaji utapita katikati ya msitu uliojaa viumbe usione hata mmoja. Niliwahi kusimama dakika tano chini ya mti nikidhani hauna kitu, mpaka mzee aliyekuwa akituongoza akanishika bega, akanigeuzia kichwa polepole kwa vidole viwili. Mbega saba. Walikuwa wamekaa tu, wakinitazama.

Waongozaji wa Buyangu na Isecheno ni vijana na wazee wa vijiji vya kando ya msitu, wengi wamejifunza majina ya miti kwa Kiluhya, kwa Kiingereza na kwa Kilatini. Uliza langoni wakutafutie. Kubalianeni bei kabla ya kuanza, kwa saa au kwa safari nzima, na ueleze unachotaka: ndege, nyani na jamii zao, miti ya dawa, au mto tu. Mwambie pia kasi yako. Kijana aliyezoea atakukimbiza bila kujua.

Vya kubeba, na vya kuacha

Viatu kwanza. Gambuti zile za shambani zinafaa zaidi kuliko raba nyeupe za mjini, na viatu vya kupandia mlima vyenye meno marefu vinafaa kuliko vyote. Suruali ndefu, ya kitambaa kinachokauka haraka. Jinzi ikilowa inakuwa mzigo. Soksi ndefu, na suruali uichomeke ndani ya soksi. Sababu nitaieleza nikifika kwa siafu. Shati la mikono mirefu. Koti la mvua hata kama mbingu ni buluu. Darubini ukiwa nayo, ya kuazima hata, maana nusu ya maisha ya msitu huu yako mita 30 juu ya kichwa chako.

Maji beba lita moja na nusu kwa mtu, na yawe kwenye chupa ya kudumu, ya chuma au plastiki ngumu. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo zile chupa za maji za dukani, zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi na misitu nchini. Mifuko ya plastiki nayo imekatazwa nchi nzima tangu Agosti 2017. Chakula kiwe cha kushikwa mkononi: ndizi, mayai ya kuchemsha, chapati, njugu. Kula ukiwa umesimama mahali pa wazi, si chini ya mti wenye kima, na maganda yote rudisha mfukoni. Tumbili aliyeonja chapati ya mgeni leo, kesho atapora mgeni mwingine, na mwisho wake huwa mbaya kwa tumbili.

Ongeza dawa ya kufukuza mbu, bendeji ya kuvutika, filimbi, na tochi hata kama hukusudii kukaa hadi giza. Spika ya muziki iache nyumbani. Manukato pia.

Kuanza: mlima kabla ya mto

Amka saa kumi na moja. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na ungetaka likukute juu ya kilima cha Buyangu. Kutoka langoni ni kama kilomita 4, sehemu kubwa kwenye njia pana ya gari, kwa hiyo hata gizagiza si hatari mkiwa na mwongozaji na tochi. Tembea bila kuongea. Kabla hujaona chochote utasikia: mngurumo mzito unaopanda na kushuka, kama mtu anayejaribu kuwasha pikipiki kuukuu mbali sana. Huyo ni mbega dume. Kundi moja likianza, la bonde la pili hujibu, na la tatu, mpaka msitu mzima unanguruma. Hutokea alfajiri, dakika chache tu. Aliyelala mjini hawezi kuusikia.

Kilimani utaona msitu wote chini yako, ukungu umelala mabondeni, na mashariki ukuta wa Nandi. Tazama vizuri mahali ukungu ulipo mzito. Mstari ule mweupe unaopinda ndio bonde la Isiukhu, na ndiko utakakoshuka. Mto huu huanzia miinuko ya Nandi, hupita msituni, kisha huingia Nzoia, na Nzoia ndiyo ile inayomwagikia Ziwa Victoria kule Budalang'i, ambako watu huhama nyumba zao mafuriko yakija. Msitu huu hunyonya mvua na kuiachia kidogo kidogo. Ukilijua hilo, utatembea kando ya mto kwa jicho lingine.

Kaa kilimani nusu saa. Kunywa chai kutoka kwenye themosi. Saa moja na nusu hivi, jua likianza kupasha vilele, ndipo uanze kushuka.

Kushuka bondeni

Hapa ndipo njia inapobadilika. Unaacha njia pana, unaingia kijia cha mtu mmoja mmoja, na mwanga unapungua kana kwamba mtu amefunga pazia. Harufu hubadilika pia: majani yanayooza, uyoga, na mara moja moja harufu tamu ya tunda lililoanguka. Ukiipata harufu hiyo, simama. Tunda likianguka chini, juu kuna anayelila.

Mwendo unaofaa ni wa polepole kuliko unavyodhani. Hatua ishirini, kusimama, kusikiliza. Wanaotembea kwa kasi ya barabarani humaliza njia kwa saa mbili na kusema hawakuona kitu. Asubuhi hii mbega hukaa kwenye matawi ya jua wakijipasha, kwa sababu wao hula majani, na majani hayana nguvu ya haraka. Wanahitaji muda wa kusaga chakula. Watafute kwenye mti ulio juu kuliko wenzake, upande unaopigwa na jua. Mkia mrefu wenye manyoya meupe ndio huwafichua, unaning'inia kama kitambaa kilichosahauliwa. Ukiona kitoto cheupe pepe, hicho ni cha mbega pia. Huzaliwa bila weusi, na rangi huja baadaye. Kima wenyewe hawatulii. Wanaruka, wanaangusha vijiti, na mara nyingi wamechanganyika na wale wadogo wenye doa jeupe puani na mkia mwekundu. Makundi haya mawili husafiri pamoja, macho mengi yakimlinda kila mmoja dhidi ya tai.

Juu kabisa utasikia mabawa kama mtu anayepiga mkeka: hondohondo. Na ukibahatika, shorobo mkubwa wa buluu, ndege mkubwa kuliko kuku wa kienyeji, anayekimbia juu ya tawi badala ya kuruka. Zaidi ya aina 300 za ndege wamehesabiwa katika msitu huu. Usihangaike na wote. Chagua sauti moja, mwulize mwongozaji jina lake, uifuate asubuhi nzima. Utaondoka ukimjua ndege mmoja kikweli.

Mti mmoja wa kutazama kwa karibu

Njiani mwambie mwongozaji akuonyeshe mti ule wa jamii ya mkuyu unaonyonga mwenzake. Wenyeji wengine huuita mutoto. Maisha yake huanzia juu: ndege anakula tunda, anaacha mbegu kwenye panda la mti mwingine, na mche unateremsha mizizi hewani mpaka iguse udongo. Mizizi inanenepa, inashikana, inaufunga mti mwenyeji kama kamba za mzigo. Miaka mingi baadaye mti wa ndani huoza na kubaki uwazi. Ingiza kichwa humo kama mwongozaji amehakikisha hamna popo wala nyoka, utazame juu. Utaona kama bomba la wavu, limesukwa kwa mizizi, na kwenye ncha yake kipande kidogo cha mbingu. Weka kiganja ndani ya ukuta wake. Baridi. Nje kuna joto, ndani kuna baridi ya mtungi.

Mti mwingine wa kuufahamu ni mwiritsa. Gome lake ni dawa inayouzwa hadi Ulaya kwa wanaume wenye uvimbe wa tezi dume, na kwa sababu hiyo miti mingi ilichunwa ikafa imesimama. Biashara yake inadhibitiwa kimataifa tangu 1995. Ukiona mti wenye makovu yaliyoviringika shinani, umeuona. Kuhusu mukombero, ile mizizi yenye harufu tamu inayotafunwa na kuuzwa barabarani, nunua kwa akina mama walioupanda shambani. Usichimbe msituni.

Mtoni

Ukienda kwa mwendo huu utafika Isiukhu kama saa tatu au saa nne. Kijia hufuata ukingo. Rangi ya maji ni ya kahawia mara nyingi, kwa udongo wa mashamba ya juu. Maporomoko si marefu. Anayetarajia kitu cha kutisha atakata tamaa. Uzuri wake ni mahali yalipo: maji yanashuka kwenye mwamba, mvuke unalowesha majani, na kwenye tope la ukingoni vipepeo hukusanyika kwa makumi kunyonya chumvi. Chuchumaa polepole mita mbili kutoka kwao. Usipotupa kivuli juu yao hawataondoka, na utaona ulimi wa kila mmoja, mwembamba kama uzi, ukichokoachokoa tope.

Sasa ya usalama, na haya nayasema kwa uzito. Usisimame juu ya mawe ya maporomoko. Yana ute usioonekana. Usivuke mto mahali maji yamepita magoti. Magogo ya kuvukia yapite ukiwa umeelekeza nyayo pembeni, si mbele, huku mkono ukishika fimbo. Kama limelowa, kaa juu yake ujisogeze kwa makalio. Hakuna aibu. Maji ya mto usiyanywe bila kuyachemsha. Na yatazame maji yenyewe: yakianza kupanda, au yakigeuka ghafla kuwa mazito na kubeba majani na vijiti, ujue mvua imeshanyesha juu huko hata kama kwako kuna jua. Toka ukingoni, panda juu.

Weka saa ya kugeuka kabla hujatoka asubuhi, na uiheshimu. Yangu ni saa tano na nusu. Hata kama maporomoko yako kona inayofuata. Ukigeuka saa hiyo, saa saba au saa nane utakuwa langoni ukila, ngurumo zikianza.

Siafu, nyoka, na kupotea

Siafu ndio watakaokusumbua zaidi ya wote. Huvuka njia kwa mstari mweusi usiozidi upana wa vidole vitatu, unaong'aa kama mafuta yaliyomwagika. Ukitazama kwa karibu utaona wakubwa wenye taya wamesimama kingo mbili, vichwa juu, na wadogo wanapita katikati wakibeba mayai. Ruka juu ya mstari, usikanyage, na usisimame karibu ukitazama kima juu. Hapo ndipo wengi hupandwa. Mara nyingi utamhisi wa kwanza wakiwa wengi wameshakupanda. Ukihisi wa kwanza, kimbia mita kumi au zaidi kutoka pale, ndipo uvue na kuwatoa mmoja mmoja. Ndiyo sababu ya soksi juu ya suruali.

Nyoka wapo, na wenye sumu kali wapo, akiwemo moma wa Gabon ambaye rangi zake ni za majani makavu na ambaye hakimbii watu wakija. Hulala tu alipo. Kwa hiyo usikae kwenye gogo kabla ya kutazama upande wake wa pili, usiingize mkono kwenye mashimo, na usiache kijia. Mtu akiumwa: mtulize, alale asitembee, mvue pete na saa, funga kiungo kwenye kijiti kisicheze, mpelekeni hospitali. Msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Kakamega. Nambari 112 na 999 ndizo za dharura, lakini ya haraka zaidi ni ile ya langoni, kwa hiyo iweke kwenye simu yako na ya mwenzako kabla ya kuingia.

Mkitengana na kundi, simama ulipo. Piga filimbi mara tatu, subiri, rudia. Usifuate mto ukidhani utakutoa. Kingo zake zina vichaka na tope, na unazidi kwenda mbali na vijia. Usipojibiwa, rudi mpaka njia panda ya mwisho unayoikumbuka vizuri, ukae hapo.

Malaria nayo ni ya kweli huku. Anayetoka Nairobi au Nakuru amwone mfamasia au daktari kabla ya safari juu ya kinga, alale kwenye neti, na akipata homa wiki mbili au tatu baadaye aseme waziwazi kwamba alikuwa magharibi.

Ukiwa na siku ya pili

Nenda Isecheno. Kutoka mjini Kakamega panda matatu ya Shinyalu, kisha boda boda. Wakati wa mvua barabara hiyo huteleza, mwambie dereva aende taratibu. Vijia vya huko ni tambarare, vinafaa wazee na watoto, na jioni kilima cha Lirhanda hukupa mandhari ya machweo kwa mwendo mfupi wa kupanda. Ubavuni mwake kuna shimo lililochimbwa enzi za kutafuta dhahabu, miaka ya 1930, na sasa limejaa popo. Waongozaji wengine watakukaribisha kuingia. Mimi hubaki mdomoni. Mwaka 1980 na 1987 wagonjwa wawili waliokuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, walikufa kwa Marburg, homa kali ya kutoka damu inayoletwa na virusi, na virusi hivyo leo vinajulikana kubebwa na popo. Mdomo wa shimo unatosha kwa picha.

Kusini utakutana na watu wengi zaidi njiani. Salimia: "Mulembe." Mama aliyebeba mzigo wa kuni ndiye mwenye njia, jiweke kando apite. Usimpige picha bila kumwuliza. Msitu ni kazini kwake. Ukitaka kuona wanyama wa usiku, ombeni matembezi ya usiku na mwongozaji mwenye tochi nyekundu. Poto, yule mnyama mdogo mwenye macho makubwa anayetembea kwenye tawi kwa mwendo wa kinyonga, hupatikana kwa kuona macho yake yaking'aa.

Ukirudi

Vua viatu nje ya mlango. Geuza soksi ndani nje na uzikung'ute mbali na kitanda, kwa sababu kuna siafu mmoja ambaye hujificha kwenye mshono na kusubiri usiku. Jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani kama kuna kupe. Ukimpata mvute taratibu kwa kibanio, karibu na ngozi, bila kumpaka mafuta. Osha tope la viatu kwa maji baridi kabla halijakauka, toa soli ya ndani, kisha jaza magazeti makuukuu hadi nchani. Usiviweke juani wala kando ya jiko, ngozi itapasuka. Badilisha magazeti kabla ya kulala, na kesho saa kumi na moja alfajiri vitakuwa tayari kuvaliwa.